Bill Hanna, mtu aliyepima ukelele wa paka kwa fremu

ANETH: Karibuni tena jamani. Mimi ni Aneth, niko na kaka yangu Ndahani, tunarekodi hapa Dodoma, Area C. Mkisikia kitu kinavuma huko nyuma ni upepo wetu wa mwezi wa nane, tumefunga madirisha yote na bado unapita. Leo tunaongelea kazi ya kuongoza na kutayarisha katuni za televisheni, na Ndahani amekuja na mtu wake mmoja tu.

NDAHANI: Mmoja tu, dada. William Hanna, ila wengi walimwita Bill. Alizaliwa mwaka 1910 mjini Melrose, New Mexico, huko Marekani, akafariki 2001. Jina lake mmeliona tangu mkiwa watoto, kwenye Tom and Jerry, limekaa pamoja na la mwenzake, Joseph Barbera.

ANETH: Sasa ngoja. Kwa nini Hanna na si Barbera? Mchoraji hasa si alikuwa Barbera?

NDAHANI: Ndiyo sababu yenyewe. Vijana wanaokuja kwangu, na wamo wanaosomea animesheni pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, karibu wote wanaanza kwa kunionyesha michoro. Na ni mizuri, nawaambia bila kuficha. Halafu nauliza: huyu mzee wako akishtuka, anashtuka kwa fremu ngapi, yaani picha ngapi moja moja za filamu? Hapo kimya. Hanna kwa kuchora alizidiwa mbali na Barbera. Kazi yake ilikuwa kujibu swali hilo, kila siku, kwa zaidi ya nusu karne.

ANETH: Alianzia wapi?

NDAHANI: Chini kabisa. Alikuwa amesoma uhandisi kidogo, uchumi wa Marekani ukaanguka, akaacha chuo akawa anaosha magari. Mwaka 1930 akapata kibarua studio ya katuni ya Harman na Ising, upande wa wino na rangi. Mwaka 1937 akaingia MGM, kampuni kubwa ya filamu, na huko ndiko alikokutana na Barbera, aliyewahi kufanya kazi ya benki New York. Mwaka 1940 wakatoa katuni yao ya kwanza ya paka na panya. Paka hata hakuitwa Tom bado, aliitwa Jasper.

ANETH: Jasper! Hiyo sikuijua.

NDAHANI: Wakagawana kazi. Barbera anabuni vituko na kuchora haraka mpangilio wa hadithi. Hanna anachukua ile michoro anaipa muda. Kuna karatasi yenye mistari, kila mstari ni fremu moja, na sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Mwongozaji anakaa na karatasi hiyo kabla mchoro wa mwisho haujachorwa. Nikupe mfano wangu mwenyewe: paka anakimbia, anaugonga mlango. Kugonga kwenyewe, fremu mbili. Halafu amebandikwa mlangoni, hatikisiki, fremu kumi na mbili, yaani nusu sekunde. Halafu anateleza chini polepole, fremu thelathini. Sasa ile nusu sekunde ya kutotikisika ukiifuta, hakuna atakayecheka. Mchoro ni ule ule, paka ni yule yule, lakini kichekesho kimekufa.

ANETH: Hiyo naielewa kabisa. Nilipokuwa kwenye michezo ya redio, mwongozaji wetu alikuwa anainua kidole kabla ya kofi. Kofi lenyewe ni mtu anapiga makofi mbele ya maikrofoni, basi. Lakini kidole kikishuka mapema, msikilizaji hashtuki.

NDAHANI: Na Hanna alikuwa na sikio la muziki. Ujanani alipiga saksofoni. Alihesabu katuni kwa mapigo.

ANETH: Sasa hapo umenigusa, maana sisi Wagogo hili tunalo. Ukiwatazama akina mama wanavyopiga muheme, ngoma wameibana katikati ya magoti, wengine wanashikilia pigo moja lisiloyumba, halafu mmoja anaingia juu yake anavyotaka. Utaona ana uhuru wote, kumbe anahesabu. Mimi nadhani mtoto aliyekulia kwenye muheme ameshajua nusu ya unachokifundisha.

NDAHANI: Nimewahi kumpa kijana pigo la muheme kwenye simu achoree hatua za mtu anayetembea. Hatua zikakaa sawa siku hiyo hiyo.

ANETH: Ebu turudi. Ule ukelele wa Tom akibanwa mkia?

NDAHANI: Ni sauti ya Hanna mwenyewe. Mwongozaji aliingia kupiga ukelele, na ndiye aliyejua fremu gani uanze na fremu gani ukatwe.

ANETH: Mungu wangu.

NDAHANI: Pamoja na Barbera walifanya katuni 114 za Tom and Jerry pale MGM, saba zikapata Oscar. Na nisisitize jambo linalowahusu wote wanaofanya kazi nyuma ya pazia: tuzo zile alikuwa anakwenda kuzipokea mtayarishaji wao, Fred Quimby. Hao wawili hawakuwa wakiitwa jukwaani.

ANETH: Inauma. Na ni jambo ambalo hadi leo linawatesa wasanii wetu, mtu anachora usiku kucha halafu jina lake halipiti hata kwenye maandishi ya mwisho. Mimi naomba kila anayetusikiliza na ana kipindi chake: andika majina ya watu. Yaweke yasomeke, yasikimbie. Haya, endelea.

NDAHANI: Mwaka 1957, MGM wakapiga hesabu wakaona katuni za zamani wakizirudisha kwenye majumba ya sinema zinaingiza karibu sawa na mpya. Wakafunga kitengo. Hanna ana miaka kama 47, ametumikia pale miaka 20, na kazi hakuna. Mahali palipobaki pa kuuza katuni ni televisheni, na televisheni haikuwa na hela.

ANETH: Haikuwa na hela kiasi gani?

NDAHANI: MGM katuni moja ya dakika saba hivi ilikula makumi ya maelfu ya dola. Televisheni wao wakawapa takriban dola 3,000 kwa dakika tano. Fanya hesabu: dakika tano kwa fremu 24 ni fremu 7,200. Hata ukitumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, bado ni michoro 3,600, na kila mchoro una mhusika zaidi ya mmoja, una wino, una rangi. Kwa dola 3,000 haiwezekani kabisa. Watu wengi wangesema basi, tukatafute kazi nyingine. Wao wakaanzisha kampuni yao, na mwezi Desemba 1957 katuni yao Ruff and Reddy ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya NBC.

ANETH: Wakafanyaje?

NDAHANI: Hapa ndipo mwongozaji anapoonekana. Hanna alichukua kila tukio akajiuliza: lazima kisogee nini? Mhusika anaongea. Mwili haulazimiki kusogea, uchorwe mara moja tu. Mdomo usogee, macho yapepese, kichwa kitikise. Tazama wahusika wao wa wakati ule: dubu Yogi ana kola na tai, ingawa hana shati. Fred Flintstone naye ana tai. Sasa ile kola ni mpaka. Juu ya kola ni kichwa, kwenye karatasi yake ya plastiki, kinachorwa upya. Chini ya kola ni mwili, umelala pale pale sekunde nzima, na mshono hauuoni kwa sababu kola imeufunika.

ANETH: Yaani tai ni ya bajeti!

NDAHANI: Kabisa. Mavazi ya mhusika yameamuliwa na mtu anayehesabu michoro.

ANETH: Mimi nitakupinga kidogo. Nilipokuwa mtoto niliona, mtu anakimbia, unapita mti, dirisha, mti, dirisha, ule ule. Watoto si wajinga. Na walioikosoa hawakuwa watu wadogo. Chuck Jones, aliyeongoza katuni za Warner Bros., alisema hiyo ni redio yenye picha tu.

NDAHANI: Alisema, na hakuwa anasifia.

ANETH: Lakini sasa mimi ni mtu wa redio, silipokei kama tusi. Naona alitaja jambo la kweli. Kama mwili hausogei, basi sauti ndiyo inabeba kipindi. Na wao walitafuta sauti hasa. Daws Butler ndiye Yogi, ndiye Huckleberry Hound. Mel Blanc ndiye Barney kwenye The Flintstones. Hao walikuwa wakongwe wa redio. Kwa hiyo kukosoa kwangu ni huku: walipopata sauti nzuri na mwandishi mzuri, ile njia ya bei nafuu ilifaa. Walipozidisha idadi ya vipindi, miaka ya 1970, ikawa mti na dirisha tu.

NDAHANI: Nakubali. The Huckleberry Hound Show ilipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 1960, na katuni ya mfululizo haikuwahi kuipata kabla ya hapo. Mwaka huo huo The Flintstones ikaanza kwenye televisheni ya ABC, saa za jioni, watu wazima wanatazama. Hiyo ni kazi ya watu wenye njaa. Kampuni ikauzwa kwa Taft, kampuni ya utangazaji, mwaka 1966, dola milioni 12, wao wakabaki wakiiendesha. Baadaye kazi ya kuchora ikaanza kupelekwa nje, Australia, Taiwan.

ANETH: Hapo Taiwan ndipo pa kutufunza sisi.

NDAHANI: Sana. Huko kulizaliwa wachoraji hodari, lakini hadithi na ile karatasi ya muda vilikuwa vinatoka Los Angeles. Mimi sitaki vijana wa Dodoma waishie kuwa mikono ya watu wengine. Tanzania tumeshaona inawezekana: Ubongo, watengenezaji wa katuni za elimu, walianza Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka 2014 Ubongo Kids ikawa TBC1, hadithi ya hapa, Kiswahili cha hapa, hesabu na sayansi kwa watoto wa hapa. Akili, yule mtoto wa miaka minne wa katuni yao nyingine, Akili and Me, anaishi chini ya Kilimanjaro. Mtoto wa Chamwino akimtazama haoni mgeni.

ANETH: Na michoro yao ni rahisi, haina makeke.

NDAHANI: Rahisi kwa makusudi. Nenda Kolo pale Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Mistari michache ya rangi nyekundu na unajua huyu ni twiga. Huku kwetu kuchora kidogo kukatosha hakukuanza na televisheni.

ANETH: Tumalizie na swali. Kuna msikilizaji wetu wa Bahi, ana kompyuta moja, hana timu, anataka kutengeneza kipindi cha nusu saa cha hadithi za kwao. Aanzie wapi?

NDAHANI: Nusu saa aiache kwanza. Televisheni yetu ni fremu 25 kwa sekunde. Nusu saa ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22, yaani fremu 33,000, peke yake atazeeka. Afanye dakika moja, fremu 1,500. Na asianze kuchora.

ANETH: Aanze na sauti.

NDAHANI: Aanze na sauti. Amrekodi bibi yake anasimulia, kwenye chumba chenye mapazia na nguo nyingi, upepo usiingie. Aisikilize mpaka aijue kwa moyo. Halafu achore mistari kwenye daftari, aandike kila neno limeangukia fremu ya ngapi, na pale bibi anaponyamaza aandike pia, fremu ngapi za kimya. Kisha apitie akiuliza: hapa lazima kisogee nini?

ANETH: Tuseme bibi amekaa kwenye kigoda, anasimulia fisi anavyokuja.

NDAHANI: Mwili wa bibi mchoro mmoja. Ampe kitenge begani.

ANETH: Kitenge kinafunika shingo!

NDAHANI: Umeona. Kichwa kina michoro yake, midomo sita au saba inamtosha kwa Kiswahili. Macho yapepese pale anapovuta pumzi.

ANETH: Na mikono?

NDAHANI: Mikono itulie mapajani kwanza. Fisi akifika mlangoni, mkono mmoja uinuke, fremu nne, usimame hewani sekunde nzima bila neno. Bajeti yake yote ya kuchora aimalizie hapo.

ANETH: Haya, wa Bahi, umesikia. Ukishamrekodi bibi, tutumie sauti tu, usisubiri michoro. Tutakaa na Ndahani tuihesabu fremu kwa fremu kwenye kipindi kijacho, na jina la bibi tutalisoma mwanzoni.