Zambarau Ikigeuka Njano: Dondoo la Majani, Antioksidanti na Swali la Uponyaji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi waganga wa tiba asili mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii,

Kabla sijaingia katika mada, naomba mzitazame neli tatu za kioo zilizo mezani. Zote zina kimiminiko cha rangi ya zambarau iliyokolea, nacho ni kemikali iitwayo DPPH iliyoyeyushwa katika ethanoli, yaani spiriti. Neli ya kwanza naitilia matone ya ethanoli tupu, na kama mnavyoona, haibadiliki. Ya pili naitilia matone ya chai ya rangi niliyoichuja nyumbani kabla sijaja huku. Mnaona zambarau inavyofifia, inakuwa waridi, kisha inaelekea njano, na hata dakika moja haijapita. Ya tatu nimeitilia maji ya majani ya mlonge. Hiyo inakwenda polepole, basi tuiache.

Kilichotokea katika neli ya pili ndicho kiini cha mazungumzo yetu. DPPH ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenza, na upweke huo ndio unaoipa rangi ya zambarau. Inapokutana na molekuli iliyo tayari kuigawia elektroni au atomu ya hidrojeni, inatulia na rangi inapotea. Molekuli yenye ukarimu huo tunaiita antioksidanti. Mwaka 1958 Marsden Blois alieleza katika jarida la Nature jinsi ya kuitumia kemikali hii kama kipimo, na tangu hapo maabara kubwa kwa ndogo zimeitumia, kwa sababu ni rahisi, haihitaji mnyama wala mgonjwa, na mashine inayosoma mwanga wa nanomita 517 inakupa namba siku hiyohiyo. Urahisi huo ni neema. Nitaeleza baadaye kwa nini naona pia ni mtego.

Nianze na hilo neno dondoo, maana wengi wetu tunalipita haraka. Dondoo la majani ni kile tu ambacho kiyeyushi ulichokitumia kimekubali kukibeba. Ukiyaloweka majani katika maji, utapata sukari, tanini, vitamini C na zile flavonoidi, kundi mojawapo la antioksidanti za mimea, zilizoshikamana na sukari. Ukitumia ethanoli iliyochanganywa na maji, kwa kawaida utapata polifenoli, ukoo mkubwa ambamo flavonoidi zimo, nyingi zaidi, na ukitumia heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli, utaambulia nta, mafuta na kijani cha jani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwarobaini una nguvu kiasi fulani, humwuliza kwanza: mwarobaini uliotolewa kwa kitu gani? Makala nyingi za kisayansi zimepima dondoo la methanoli, ambayo ni sumu inayoweza kumpofusha anayeinywa, ilhali mgonjwa kijijini amekunywa majani yaliyochemshwa kwa maji katika sufuria. Hivyo ni vitu viwili tofauti vilivyotoka katika mti mmoja, na sioni haki ya kutumia namba za kimoja kukisifia kingine.

Hata kabla ya kiyeyushi, jani lenyewe hubadilika mikononi mwetu. Nilipokuwa mwanafunzi nilianika majani ya mlonge juu ya bati, kwenye jua kali, kwa kuwa nilitaka kumaliza kazi kabla ya likizo. Yalikauka kwa siku moja, yakatoka ya kahawia yenye harufu ya nyasi kavu, na kipimo kikaonyesha kwamba mlonge ni mti dhaifu kabisa. Niliandika hivyo katika ripoti yangu, tena kwa kujiamini. Mwalimu wangu hakusahihisha chochote, aliuliza tu, «Ulianika wapi?» Nilirudia kazi kivulini, majani yakiwa yametandazwa kwa tabaka jembamba mahali penye upepo, yakabaki kijani, na namba zikawa nyingine. Waganga mlio hapa mnaoanika kivulini tangu zamani mnaweza kucheka, nilistahili.

Sababu yake inaonekana vizuri zaidi katika chai, dondoo la majani ambalo karibu kila mmoja wetu amelinywa leo bila kuliita hivyo. Jani bichi la chai lina polifenoli zinazoitwa katekini, na limehifadhi mahali pengine ndani ya seli zake kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, chenye uwezo wa kuzioksidisha. Jani likiwa zima, havikutani. Kiwandani likisagwa, kuta za seli hupasuka, kimeng'enya hukutana na katekini mbele ya oksijeni, na kijani hugeuka kuwa ile rangi nyekundu ya kahawia tuijuayo. Anayetaka chai ya kijani hulipitisha jani kwenye mvuke au kikaango cha moto mapema ili kukiua kimeng'enya, na katekini husalimika. Mmea ni mmoja, na tofauti ya chai nyeusi na ya kijani imetokana na saa chache za kazi ya mikono. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2011 watafiti wao wa chai walitoa aina iitwayo TRFK 306, yenye majani ya zambarau kwa sababu ya wingi wa anthosiani, kundi lilelile la kemikali linalolipa rangi tunda letu la zambarau.

Mlonge nao una siri ya namna hiyo. Jani lake likipondwa likiwa bichi, kimeng'enya chake huzivunja kemikali za jani ziitwazo glukosinolati na kutengeneza isothiosianati, zile kemikali zenye ukali unaofanana na wa haradali. Ukilitumbukiza jani zima katika maji yanayochemka, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya kazi, na unabaki na flavonoidi kama kwesetini na wenzake lakini si ukali ule. Kwa hiyo kuponda kwanza au kuchemsha kwanza si suala la mazoea tu. Ni kuchagua dawa ipi itoke.

Sasa nije kwenye mtego. Njano ya neli inatuambia kwamba dondoo linaweza kuituliza DPPH, na DPPH haimo katika mwili wa binadamu yeyote. Kati ya neli na mwili kuna tumbo, utumbo na ini. Sehemu kubwa ya flavonoidi tunazokunywa haipiti utumbo, na kiasi kinachopita hufungwa na ini kwa molekuli nyingine na kuelekezwa kwenye mkojo, hivi kwamba kinachozunguka katika damu ni kidogo na kimekwisha kubadilika sura. Zaidi ya hapo, seli zetu zina walinzi wao wenyewe, kama vile glutathioni na katalesi. Watafiti wengi leo wanaona kwamba baadhi ya kemikali za majani hutufaa kwa kuzichokoza seli kidogo ili ziongeze walinzi hao, na si kwa kuzikamata radikali moja moja.

Tena kuna ushahidi wa binadamu ambao hatuwezi kuufumbia macho. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki jaribio ambalo baadhi yao walipewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, antioksidanti ya rangi ya chungwa iliyomo pia katika mboga za majani. Ilitegemewa kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliopewa vidonge hivyo walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Chai ya kijani nayo, ambayo kikombe chake hakina neno, ikikamuliwa na kujazwa kwenye vidonge imewahi kuumiza ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa tahadhari juu ya miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu.

Lakini mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa pakanga ya Kichina, Artemisia annua. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake walikuwa wamekwama, kwa kuwa dondoo lao liliua vimelea vya malaria leo na kesho likashindwa. Alirudi katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza mmea huo ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na juisi yake inywewe. Akagundua kwamba hakuna mahali palipotajwa moto. Aliachana na kuchemsha, akatumia etha, kiyeyushi ambacho huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 35 tu, na hapo dawa ikatoka ikiwa hai. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati zetu imetokana na kazi hiyo.

Sikilizeni basi jinsi artemisinini, dawa iliyotoka katika mmea huo, inavyofanya kazi. Ndani yake kuna daraja la oksijeni mbili, ambalo linapokutana na chuma cha damu iliyomezwa na kimelea, huvunjika na kuzaa radikali zinazokiteketeza. Dawa ya jani iliyookoa watu wengi kuliko nyingine yoyote katika zama zetu huua kwa kuziwasha radikali, si kwa kuzizima. Lau Tu Youyou angetumia neli hizi za zambarau kuchagua mmea wake, zisingemwonyesha dawa hiyo.

Nasisitiza, sisemi neli zitupwe. Zinafaa kulinganisha majani yaliyoanikwa juani na ya kivulini, au kujua kama unga wa mlonge uliokaa dukani miezi sita umechakaa. Kwa kazi hiyo nitaendelea kuzitumia.

Neli ya tatu imekwisha kuwa njano. Waganga watakaotuletea majani kwa ajili ya kupimwa, nimeweka karatasi mlangoni, nazo zinauliza mambo manne: jani lilichumwa mwezi gani, lilianikwa wapi, mgonjwa huandaliwa vipi dawa yake, na hunywa kiasi gani kwa siku. Sisi tutaliandaa vivyo hivyo, kwa maji yenu na kwa muda wenu, kabla hatujagusa ethanoli.