Mganga, Mwanga na Fundi

Wazee, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Ukiingia hospitali ya serikali Tanzania utakuta mlango umeandikwa Mganga Mfawidhi. Toka getini, tazama nguzo ya umeme: mganga wa jadi, anasafisha nyota, anarudisha mpenzi, namba ya simu chini. Jina moja, watu wawili, na sijamwona mgonjwa aliyewachanganya. Ni kwa sababu jina limetokana na kuganga, yaani kutibu, kuunga kilichovunjika. Ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mchawi ni habari nyingine. Kwanza, neno lenyewe halina kitenzi chake. Mganga anaganga, mchawi je? Analoga, au anaroga. Ndiyo maana bara utasikia mlozi, na Kenya mrogi. Pili, mganga hujitangaza hadi kwenye nguzo, lakini mchawi hupewa jina na jirani. Hakuna anayebandika kibao cha uchawi.

Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 haikujali tofauti hizo. Iliweka ndani ya neno uchawi hata kule kudai tu kwamba una nguvu za siri. Aliyeagua na aliyeloga wakatiwa kapu moja. Lugha ya mtaani ina makini zaidi. Mwaka 2015, serikali ilipopambana na mauaji ya watu wenye ualbino, lilivuma neno "ramli chonganishi". Ramli ni mchanga kwa Kiarabu, na kupiga bao mchangani ni ufundi wa kale. Kosa limebebwa na hilo neno la pili: mpiga ramli anayekutajia shangazi yako kuwa ndiye aliyemuua mtoto.

Na mwanga? Huyu huwanga usiku, watu wamelala. Wanafunzi wangu huniuliza kama ana uhusiano na mwanga wa taa. Hapana. Katika umoja wanafanana, wingi ndio unaowaumbua: taa zina mianga, usiku una wanga.

Mfanya kiinimacho simwogopi, maana jina limeshakiri kuwa kinachochezewa ni jicho lako. Shuleni alikuja mtu wa mazingaombwe, akageuza karatasi kuwa noti. Tulikuwa tumemlipa kiingilio. Darasa zima, hakuna aliyeuliza anayetengeneza noti anataka shilingi zetu za nini. Angekimbia kabla ya kuonyesha chochote, tungemwita tapeli. Abunuwasi naye alilaghai watu hadithi nzima, tukamwita mwerevu, kwa kuwa aliowapiga chenga walikuwa wakubwa.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni fundi. Unguja na Pemba, anayepunga pepo ni fundi, sawa na mshona nguo na mwashi. Bara likahamia mpirani. Shabiki akikwambia ushindi wa jana ni kazi ya kamati ya ufundi, kisha akakukonyeza, usimuulize walipanga mabeki wangapi.