Matarajio ya Gredi ya Sita

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi nyanya na babu mliokuja kwa niaba ya wazazi walio kazini, shukrani kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nasi.

Muhula uliopita mlipewa ripoti. Mzazi mmoja aliifungua palepale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu amekuwa nambari ngapi?" Nikamwambia hakuna nambari. Akaikunja, akaitia mkobani, akaenda zake kimya. Simlaumu. Wengi wetu humu tulisomea 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, na nambari ndiyo tuliyokwenda kumwonyesha baba. Sasa kuna maneno: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Neno nambari halimwulizi mzazi kitu. Neno matarajio linamwuliza: unatarajia nini kwa mtoto huyu? Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Wiki mbili zilizopita nilileta kisahani darasani, upana wake sentimita 14. Tukakilaza juu ya karatasi ya miraba, kila mraba sentimita moja kwa moja, tukazungusha kalamu. Kazi ya gredi ya sita hapo ni kukisia eneo la duara kwa kuhesabu: miraba mizima iliyo ndani, kisha iliyokatwa na mstari, ambayo unaigawa kwa mbili. Tulipata mizima 120, iliyokatwa 52, nusu yake 26, jumla 146. Ningeweza kufuta ubao na kuendelea. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, lakini hii iliyokatwa, mingi imebaki zaidi ya nusu. Hesabu yetu si itakuwa imepungua?"

Imepungua, ndiyo. Atakapofundishwa kanuni ya duara atapata karibu 154. Hana kanuni bado, lakini alitazama ukingo wa mstari kwa macho yake akaona kilichokosekana. Mtoto huyu hesabu za kichwa zinamsumbua, na kwa nambari za zamani angekuwa katikati ya darasa, hakuna ambaye angemwona.

Hisabati ina mengine mwaka huu: nambari za mamilioni, desimali, pembe, eneo la pembetatu. Kuna Sayansi na Teknolojia, Kilimo, Maarifa ya Jamii, Sanaa, Dini na lugha zetu mbili. Sitayapitia yote, vitabu mnavyo nyumbani.

Nije kwenye mtihani, maana najua ndio unaowanyima usingizi. KPSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa gredi ya sita, ilifanywa mara ya kwanza Novemba 2022, na darasa lile lile ndilo lililoanza sekondari msingi, yaani gredi ya saba, Januari 2023. Katika matokeo ya mwisho wa shule ya msingi, karatasi za kitaifa hubeba asilimia 40. Asilimia 60 hutoka katika kazi zilizofanywa shuleni, gredi ya nne, ya tano na ya sita. Mtihani huu haumfungii mtoto mlango wa gredi ya saba, na hakuna anayeachwa nyuma kwa sababu yake. Lakini msiondoke hapa mkisema basi hauna maana: anapofika gredi ya tisa, asilimia 20 ya alama za kumpangia shule ya upili hutokana na KPSEA hii hii. Wiki moja ya masomo ya ziada mwezi wa kumi haiwezi kuziba miaka mitatu ya kazi ya darasani.

Kingine, karatasi zile ni za kuchagua jibu. Mtoto hutia alama kwenye A, B, C au D. Kwa hivyo anaweza kutoka salama bila kuandika aya moja ya insha, na gredi ya saba inamsubiri na masomo tisa, kila somo na mwalimu wake, na kila mwalimu anataka maelezo kwa maandishi. Insha inabaki mikononi mwetu, walimu na wazazi. Mtoto wa gredi ya sita aweze kusimulia safari ya kutoka Likoni hadi mjini Mombasa kwa ukurasa mmoja, kivuko kikiwa kivuko, na watu wakiwa wanasema maneno ya watu. Hilo silo jambo kubwa kulitaka.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Mwaka mmoja niliwapa watoto kazi ya kuonyesha mzunguko wa damu. Mmoja akaleta ubao uliopigwa randa, mirija ya mpira, myekundu na ya buluu, imepindwa vizuri, pampu ndogo katikati. Nilijua ni mkono wa fundi. Mwenzake akaleta katoni na mirija ya soda iliyobandikwa kwa gundi, upande mmoja umebanduka. Nilimwuliza wa kwanza kwa nini mpira huu ni mwekundu na ule ni wa buluu. Akamtazama mamake. Yule wa katoni akaeleza bila kuulizwa: damu hii inatoka kwenye mapafu, imebeba hewa safi, ile inarudi, imechoka. Na mimi, mbele ya wazazi, nikampa wa ubao daraja la juu zaidi. Nilirekebisha Jumatatu, lakini msichana yule wa katoni alikuwa ameshayaona matarajio yangu ni yapi.

Tafadhalini, msiwafanyie. Gundi ibanduke. Katoni ipinde.

Hapo mwanzo, kabla hatujaketi, nyanya mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi niliishia darasa la tatu. Huyu mjukuu nitamsaidia na nini?" Nilimwomba ruhusa nimjibu mbele yenu. Bibi, usimfundishe. Mwambie akufundishe wewe. Akitoka shule, mpe chai, kisha mwambie, "Nieleze mlichofanya leo mpaka nielewe." Asipoeleweka, mwambie hujaelewa, arudie. Mtoto anayeweza kukueleza wewe jikoni kwa Kiswahili chenu, huyo amelishika somo. Akikwama, aandike swali lake kwenye daftari aje nalo asubuhi, mimi nipo darasani kabla ya kengele.

Na kisahani unacho. Karatasi ya miraba nimewawekea pale mlangoni, kila mmoja achukue mbili.