Udugu wa Herufi za Kigiriki: Vyama vya Wanafunzi wa Sheria nchini Marekani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioweka kando madaftari yenu jioni hii ili kuja kunisikiliza,

Mada niliyopewa inahusu vyama vya udugu vya wanafunzi wa sheria nchini Marekani, yaani vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki: Phi Delta Phi, Phi Alpha Delta, Delta Theta Phi na vinginevyo. Najua wengi wenu mmevijua vyama vya herufi za Kigiriki kupitia filamu, ambamo vijana hunywa bia hadi alfajiri na kuwadhalilisha wanaotaka kujiunga nao. Hivyo ni vyama vya starehe na malazi. Ninavyovizungumzia leo ni vyama vya kitaaluma, ambavyo mlango wake ni masomo ya sheria yenyewe. Hoja yangu juu yake ni moja, nayo ni kwamba vyama hivi vilizaliwa ili kuziba pengo lililoachwa na ofisi ya wakili wakati elimu ya sheria ilipohamia darasani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Mmarekani aliyetaka kuwa wakili hakwenda chuoni. Alikwenda kwa wakili mzoefu, akaketi pembeni ya meza yake, akanakili hati, akapeleka barua, na katika nafasi aliyopata akasoma vitabu vya William Blackstone, yule mwanasheria wa Kiingereza ambaye vitabu vyake vilisomwa Marekani kama msahafu. Mwanafunzi huyo alijifunza na mambo yasiyoandikwa popote: namna ya kumsikiliza mteja anayeficha nusu ya habari, namna ya kusimama mbele ya jaji aliyekasirika, na kesi ipi ya kuikataa hata kama mfuko ni mtupu. Wapo waliokosa hata meza hiyo. Abraham Lincoln alisoma peke yake katika kijiji cha New Salem, na mwaka 1855 alimwandikia kijana mmoja aliyetaka kusomea sheria kwake kwamba vitabu ni vilevile kila mahali, kwa hiyo haidhuru mtu akivisoma kijijini. Lakini Lincoln alikuwa Lincoln. Wengi wetu, tukiachiwa kitabu na upweke, hupata usingizi.

Kuna sadfa moja ambayo siwezi kuipita. Chama cha kwanza cha wanafunzi chenye herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia. Miaka mitatu baadaye, katika chuo kilekile, George Wythe akapewa kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria nchini humo. Miongoni mwa waliohudhuria mihadhara ya Wythe mwaka 1780 alikuwamo John Marshall, ambaye alijiunga pia na Phi Beta Kappa na baadaye akawa Jaji Mkuu wa Marekani. Sheria na herufi za Kigiriki zilikutana kwa mtu huyo mmoja, kisha zikaachana kwa karibu miaka 90.

Zilikutana tena Ann Arbor. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kimefungua idara yake ya sheria mwaka 1859, na wanafunzi wakaanza kujazana katika kumbi za mihadhara ambamo profesa alizungumza nao waliandika, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1869, John M. Howard pamoja na wenzake wachache wakaanzisha Phi Delta Phi. Chama cha Mawakili wa Marekani kilikuwa hakijazaliwa bado. Kilikuja mwaka 1878. Wanafunzi, kwa maneno mengine, walianza kujiunga pamoja miaka tisa kabla mawakili hawajawa na chama chao cha kitaifa.

Tazameni majina waliyoyachagua, kwa sababu hapo ndipo nia yao inapoonekana. Tawi la Michigan lilipewa jina la James Kent, aliyekuwa Chansela, yaani jaji wa juu wa mahakama ya usawa, wa New York na mwandishi wa vitabu vikubwa vya ufafanuzi wa sheria ya Marekani. Baadaye matawi ya chama hicho yakaitwa Inn, kwa kuiga zile Nyumba nne za mawakili za London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, ambamo kwa karne nyingi mwanafunzi hakuweza kuwa wakili bila ya kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za chakula cha jioni. Nyumba hizo si ngeni kwetu: Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alipitia Gray's Inn. Wazee wetu wa kizazi kile walipotueleza kwamba walikwenda Uingereza kula ili wawe mawakili, tulidhani wanatania. Hawakutania. Kule meza ilikuwa sehemu ya mtaala, kwa kuwa kijana aliyeketi karibu na jaji mstaafu akimega mkate alikuwa akijifunza lugha, adabu na kumbukumbu za taaluma. Vijana wa Michigan hawakuwa na meza hiyo, wakaamua kujichongea yao.

Sasa niwapeleke Chicago, kwa sababu kisa cha huko ndicho kinachonivutia kuliko vyote, nacho ni kisa cha kisheria hasa.

Tarehe 4 Novemba 1897, Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois ilitoa kanuni mpya ya kuwakubali mawakili, ambayo ilipandisha muda wa masomo ya sheria kutoka miaka miwili hadi mitatu na kudai elimu ya awali ya kutosha. Kanuni yenyewe ilikuwa na busara, na ni vigumu kuipinga kwa misingi yake. Ubaya wake ulikuwa kwamba haikuwaachia nafasi wale waliokwisha kuanza masomo kwa hesabu ya miaka miwili. Fikirieni kijana anayefanya kazi dukani mchana na kusoma usiku, aliyepiga hesabu ya karo yake hadi senti ya mwisho, akiamka asubuhi na kuambiwa kwamba safari imeongezwa mwaka mzima. Wanafunzi wa vyuo vya sheria vya Chicago wakajikusanya. Waliiomba Mahakama ibadili kanuni yake, wakakataliwa. Wakaenda kwa wabunge wa jimbo, na mwaka 1899 Bunge likapitisha sheria ya kuwaokoa wote walioanza masomo kabla ya tarehe ile ya Novemba.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka huohuo wa 1899, katika shauri la maombi ya Day na wenzake, Mahakama ya Juu ya Illinois iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba, ikisema kwamba kuamua nani anafaa kuwa wakili ni mamlaka ya mahakama wala si ya Bunge. Shauri hilo hutajwa hadi leo panapojadiliwa mgawanyo wa madaraka na usimamizi wa uwakili. Nakiri kwamba kila ninapolisoma, moyo wangu uko kwa wanafunzi na akili yangu iko kwa majaji.

Hata hivyo, harakati zile ziliwaachia wanafunzi kitu ambacho hukumu haikuweza kukifuta, nacho ni mazoea ya kukutana. Kutokana nazo kilizaliwa chama kilichoitwa Lambda Epsilon mwaka 1898. Chama hicho kilikuwa na udhaifu wa muundo, na mwaka 1902 wajumbe wake walikutana South Haven, mji mdogo wa Michigan ulio ukingoni mwa ziwa, wakakivunja na kuunda kingine kwa jina la Phi Alpha Delta. Tawi la Chuo cha Sheria cha Chicago-Kent likachukua jina la Blackstone. Chama kilichoanza kwa kupinga masharti magumu ya kuingia katika taaluma kikaja kuwa mmoja wa walinzi wa heshima ya taaluma hiyohiyo, na sioni unafiki ndani yake. Aliyegombana na bawabu mlangoni huujua mlango vizuri kuliko aliyefunguliwa bila kubisha.

Delta Theta Phi nitaigusa tu. Ilipatikana Chicago mwaka 1913 kwa kuunganishwa vyama vitatu vidogo, na yenyewe haikuangalia London bali Roma, kwa kuwa matawi yake huitwa Seneti.

Hapa lugha yetu inanilazimisha kusimama. Nimesema udugu, na kwa Kiswahili ndugu ni mwanamume na ni mwanamke pia. Hakuna anayeshtuka dada akiitwa ndugu. Wamarekani walilichukua neno lao kutoka Kilatini, ambako frater ni kaka, naye dada ana neno lake. Neno likageuka ukuta. Mwaka uleule wa 1869, Phi Delta Phi ilipoanza, Arabella Mansfield alikubaliwa kuwa wakili katika jimbo la Iowa, mwanamke wa kwanza nchini humo. Mwaka 1871 Sarah Killgore alihitimu sheria Michigan, katika idara ileile iliyowalea waasisi wa Phi Delta Phi. Wanawake walikuwapo darasani, lakini mezani hawakukaribishwa.

Wakatengeneza meza zao. Mwaka 1908 wanafunzi wa kike wa Chicago-Kent walianzisha Kappa Beta Pi, na mwaka 1911 wanawake watano wa Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, wakaanzisha Phi Delta Delta. Mmoja wa watano hao, Georgia Bullock, mwaka 1931 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Superior ya California. Ilipofika mwaka 1972, Phi Delta Delta iliungana na Phi Alpha Delta. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya shirikisho iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na marekebisho ya mwaka 1974 yalivisamehe vyama vya starehe, lakini vya kitaaluma havikusamehewa. Tofauti hiyo ina mantiki: aliyefungiwa nje ya karamu amekosa karamu, lakini aliyefungiwa nje ya chama cha kitaaluma amekosa pia mteja, mwalimu na barua ya kumtambulisha kwa mwajiri.

Rangi na dini nazo zilikuwa ukuta. Wanafunzi wa Kiyahudi, walipofungiwa milango, walianzisha vyama vyao, kama vile Tau Epsilon Rho. Mawakili weusi, ambao Chama cha Mawakili wa Marekani hakikuwakaribisha hadi mwaka 1943, walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha kitaifa mwaka 1925 huko Des Moines, Iowa. Ukisoma historia rasmi za vyama vya udugu utakuta orodha ndefu za marais na majaji waliokuwa wanachama. Ni vyema kuuliza pia nani hakuruhusiwa kuwemo.

Nimalizie kwa desturi. Phi Alpha Delta ina rangi ya zambarau na dhahabu iliyokolea, na ua lake ni karafuu jekundu la bustanini, msilichanganye na karafuu yetu ya Pemba. Phi Delta Phi ina waridi liitwalo Jacqueminot, na mwaka 2012 iliacha kuwa chama cha udugu ikawa jumuiya ya heshima, ambayo mtu huingia kwa alama zake za masomo. Lakini desturi iliyobeba maana ni ya vyeo. Mwenyekiti wa tawi la Phi Alpha Delta huitwa Jaji, msaidizi wake Jaji Msaidizi, katibu ni Karani, na mwenye kusimamia utaratibu ni Mashali, kana kwamba mahakama nzima imehamishiwa bwenini. Kiapo cha wanachama wapya mara nyingi huliwa ndani ya ukumbi wa mahakama halisi, na huongozwa na jaji halisi ambaye naye ni mwanachama. Mwenye kujua jando ataielewa sherehe hiyo bila mkalimani: pana mwari, pana kungwi, na pana maneno ambayo mwari huyatamka kabla hajayajua uzito wake. Wakati mwingine kijana huyo hajawahi kuingia mahakamani kabla ya siku hiyo, naye husimama palepale ambapo miaka michache baadaye atasimama tena, mteja akiwa nyuma yake.