Tuanze na Wanyama Wasiopendwa

Ndugu mwenyekiti, wanachama wenzangu na wageni wetu, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna kikundi kidogo cha mazingira kinavyoweza kuendesha elimu ya wanyamapori kwa jamii inayokizunguka, na katibu amenikumbusha mara mbili kwamba nisizidishe muda. Nitajitahidi.

Nikitazama ratiba za vikundi vyetu vingi naona nyuso zilezile: tembo, simba, kifaru, twiga. Bango la simba ukutani, filamu ya tembo, hotuba ya mgeni rasmi, picha ya pamoja, kwaheri. Sina ugomvi na simba. Lakini wengi wanaokuja kutusikiliza hawatakutana naye maishani mwao, na akizidi au akipungua si wao watakaokuwa sababu. Wanayekutana naye ni popo darini, bundi juu ya paa, nyoka kwenye rundo la kuni, chura mlangoni mvua ikinyesha. Hao ndio wanyama ambao maisha yao yamo mkononi mwa msikilizaji wetu, na mara nyingi mkono huo umeshika fimbo. Hoja yangu leo ni moja tu: tuanze na mnyama anayeogopwa au kuchukiwa, na tulijibu kwanza swali ambalo mtu amekuja nalo. Ataniuma? Ana sumu? Mbona analia juu ya nyumba yangu?

Kabla hamjaniambia kwamba watu hawawezi kumpenda mnyama mbaya wa sura, niwapeleke Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Huko kuna korongo mrefu anayeitwa hargila, jamaa wa wale korongo wakubwa wenye upara wanaoshinda majalalani. Hula mizoga, hunuka, na kinyesi chake huchafua ua mzima. Watu walimhesabu kuwa ndege wa nuksi. Mwaka 2007 mwanabiolojia Purnima Devi Barman alishuhudia mwenye shamba akikata mti wenye viota, makinda wakiwa juu. Alipolalamika, majirani walimzunguka wakamzomea. Sisi tungeandaa semina. Yeye aliwafuata wanawake wa vijijini mahali wanapokutana wenyewe. Wakaanza kumfanyia korongo sherehe ileile anayofanyiwa mama anayetarajia kujifungua, na picha yake wakaifuma kwenye nguo wanazouza. Viota katika vijiji vya Dadara, Pacharia na Singimari vilikuwa 28. Vikaja kupita 250. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulimtunuku tuzo ya Mabingwa wa Dunia. Ndege hakubadilika. Bado ananuka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na nitakaa kidogo kwa bundi, maana naona ndiye mwalimu bora tuliye naye na hatumtumii.

Bundi hatafuni. Panya mdogo humeza mzima mzima, kisha baada ya saa kadhaa manyoya na mifupa, ambayo tumbo halikuyayeyusha, hurudi juu na kutemwa yakiwa yamefungamana kuwa donge. Chini ya mahali anapolala bundi yule mweupe wa usoni, anayependa maghala na majengo yaliyoachwa, madonge haya hujaa. Likiwa bichi ni jeusi na linang'aa, kubwa kama kidole gumba. Likikauka huwa la kijivu na jepesi. Yaokoteni kwa glavu, yakausheni, yapasheni moto kwenye oveni kuua vijidudu, kisha pangeni meza: karatasi nyeupe, kibanio, vijiti vya meno, kioo cha kukuzia. Kila watu wawili donge moja. Mikono inaoshwa kwa sabuni mwishoni, na hapo hakuna mjadala.

Dakika tano za kwanza utasikia “aka!” na watu kuziba pua. Halafu kimya. Mtu ameona fuvu. Mwambie atazame meno: yakiwa mawili marefu mbele, kisha pengo, kisha magego, huyo ni panya. Yakiwa madogo yaliyochongoka, yamepangana bila pengo, huyo ni kirukanjia. Baada ya hapo huhitaji kusema lolote. Wanachambua, wanahesabu, wanabishana. Aghalabu donge moja hutoa mafuvu matatu au manne, na ukiwauliza hao wote walikuwa wanakula ghala la nani, watajibu wenyewe. Nimeona mzee aliyekuja kwa shingo upande akikataa kuondoka mpaka amalize kupanga uti wa mgongo.

Hapo ndipo waeleze yaliyobaki: kwamba sikio moja la bundi huyo limekaa juu kidogo kuliko la pili, ndiyo maana anaweza kumnasa panya kwenye giza totoro kwa kusikia tu, kwamba ukingo wa mbele wa bawa lake una vijino laini vinavyovunja upepo, asisikike akija. Watu wataipokea habari hiyo kwa sababu sasa wana mahali pa kuiweka.

Atakuwepo wa kusema, “Lakini bundi alilia kwetu, na asubuhi tukapata msiba.” Msimcheke. Aliyefiwa hachekwi. Mwelezeni taratibu kwamba bundi hulia usiku mwingi sana, anaita mwenzi na kulinda eneo lake, na usiku ule mwingine wote uliopita salama hakuna aliyeuweka moyoni. Anayekumbukwa ni yule aliyelia usiku wa msiba. Wengine wataelewa, wengine hawataelewa jioni hiyo. Si lazima kila mtu aondoke ameshawishika.

Popo nitawapitia upesi. Ni takriban spishi 1,400, kama moja kati ya kila spishi tano za mamalia wote duniani. Mkiweza kupata kile kifaa kinachoshusha milio yao hadi masikio yetu yaisikie, toka nje na watu jua linapozama, usihutubu. Kwanza mtasikia tak, tak, tak, popo anapita. Ghafla ile tak-tak inakimbia mpaka inakuwa mkwaruzo mmoja, trrrr. Hapo amemfikia mdudu, na milio yake inaweza kukaribia 200 kwa sekunde. Jioni nzima watu watakuwa wanasubiri ile trrrr.

Ila tuwe wakweli. Popo anaweza kubeba kichaa cha mbwa na virusi vingine. Kikundi kinachosema popo hana neno, kwa kuwa tu kinampenda, kinapoteza imani ya watu siku ukweli ukijulikana. Semeni: hashikwi kwa mkono mtupu, akianguka usimwokote, watoto wasicheze pangoni mwake, na aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kumheshimu mnyama na kukaa mbali naye vinakwenda pamoja.

Nyoka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika kila mkutano wetu yumo mtu wa namna hiyo, au aliyemzika mwenziwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi zaidi hubaki na ulemavu. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kwa hiyo ukisimama mbele ya wakulima ukaanza na “nyoka ni rafiki yetu,” umekwisha. Programu ya nyoka isiyokuwa na huduma ya kwanza ndani yake ni porojo.

Mwaliko wa kwanza kabisa uende kwa muuguzi au daktari wa kituo kilicho karibu. Aseme yeye: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usipake jiwe wala mafuta, mtulize mgonjwa, mvue pete na bangili kabla mguu au mkono haujavimba, usiuchezeshe ule ulioumwa, mkimbize hospitali. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kama ushahidi, maana mnaweza kuwa wagonjwa wawili. Aseme pia ni kituo gani chenye dawa ya sumu ya nyoka na kipi hakina. Hili la mwisho mlihakikishe wiki hiyohiyo, si kwa kumbukumbu za mwaka jana.

Baada ya hapo ndipo ufike kwa nyoka mwenyewe. Panya waliopo ndio wanaomwita, kifusi ndicho kinachompa makao, na tochi pamoja na viatu usiku ndivyo vinavyookoa miguu. Kuna wenzetu wanaopenda kufundisha watu kutofautisha nyoka mwenye sumu na asiye nayo. Mimi siipendi tabia hiyo katika somo la saa mbili. Mtu anaondoka na ujuzi nusu, na ujuzi nusu ndio unaomfanya ainame kumshika. Afadhali ajue kurudi nyuma na nani wa kumpigia simu.

Nikiwa hapohapo, niseme kuhusu wanyama hai jukwaani. Najua chatu shingoni huleta umati. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwaonyesha watu picha ya sokwe, wengine pamoja na binadamu amesimama karibu naye, wengine picha ileile bila binadamu. Waliomwona akiwa na binadamu walielekea zaidi kudhani kwamba sokwe wa porini hawana shida. Picha inafundisha kuliko maneno yanayoambatana nayo. Sisi tunasema mwacheni porini, chatu shingoni anasema njooni tupige picha. Mnyama aliyejeruhiwa asiyeweza kurudishwa, akiwa na mtunzaji aliyesomea na kibali, hilo ni jambo jingine.

Mwisho ni kuhesabu. Marekani, watu walikuwa na desturi ya kwenda kuwinda siku ya Krismasi, kundi lililoua wengi ndilo mshindi. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akapendekeza wawahesabu ndege badala ya kuwapiga. Walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo na wanashiriki makumi ya maelfu. Nawapa mfano huu kwa sababu Chapman hakuwaambia watu wabaki nyumbani. Aliwaachia matembezi yao, ushindani wao na majigambo yao, akabadilisha tu kinachobebwa mkononi.

Kwa hiyo kila programu yenu imalizike kwa daftari: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, nani alionekana, wangapi. Na pasipoonekana kitu, andikeni hakuna. Hiyo nayo ni taarifa. Halafu, tafadhali, matokeo yarudi kwa walioyakusanya. Kuna tabia mbaya katika kazi yetu: tunachukua hesabu za watu, tunaziandikia ripoti, hatuonekani tena. Barazani au kwenye ubao wa shule, bandikeni: mwezi huu bundi wawili, mwezi uliopita wanne. Watu wataanza kuuliza wale wawili wameenda wapi.

Mtaniuliza vipi kuhusu watoto. Sijawasahau. Wanafunzi ndio walioanzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya mwaka 1968, na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianza mpango wa vijana wa Roots & Shoots Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12. Watoto hawana shida. Shida ni kwamba programu zetu nyingi hufanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati mwenye kuamua kama mti ukatwe au dari lifukizwe moshi yuko kazini. Bundi, popo na chura wote wanatoka jioni. Pangeni jioni, mtoto aje na mzazi.

Naona katibu ananitazama kwa jicho ninalolijua. Meza ya nyuma kuna madonge saba yaliyokwisha kupashwa moto, na vibanio. Anayetaka kuuliza aulize huku anachambua. Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa.