Breketi Haina Kazi, Kazi Ni ya Tundu

REHEMA: Karibuni gereji. Mimi niko Ilala, Dar es Salaam, feni inazunguka juu ya kichwa, mkiisikia mnisamehe. Mwenzangu yuko Coventry, Uingereza, ndani ya banda la gari lenye baridi kuliko friji yangu.

JUMA: Shikamoo dada Rehema.

REHEMA: Marahaba, mdogo wangu. Ile picha ya breketi uliyonitumia nimecheka peke yangu mpaka wateja wakaniangalia. Haya, waeleze watu ulifanya nini.

JUMA: Kwanza niwaambie gari lenyewe. Najenga la mtindo wa Seven. Lotus, kampuni ya magari ya Uingereza, walilitoa 1957, kigari cha watu wawili, karibu hakina kitu, na uliweza kulinunua vipandevipande ukaliunga nyumbani. Sababu kubwa kodi: gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havikutozwa. Mwanya huo ukazibwa 1973 VAT ilipoingia. Mwaka huohuo Caterham, kampuni nyingine ya hukuhuku, wakachukua haki za kulitengeneza. Basi ule ugonjwa wa kujijengea ukabaki kwa watu mpaka leo.

REHEMA: Na wewe ukaambukizwa.

JUMA: Vibaya. Chesisi nimeiunga mwenyewe, mabomba ya mraba ya milimita 25, unene 1.6. Ukizubaa na mashine umetoboa.

REHEMA: Kwa asiye fundi, kabla hatujafika kwenye breketi: wishboni ni ule mkono wenye umbo la A unaoshikilia gurudumu. Ncha iko kwenye gurudumu, miguu miwili iko kwenye chesisi. Kila mguu una bushi, yaani mpira wenye kibomba cha chuma ndani, na bushi inakaa katikati ya masikio mawili ya chuma. Hayo masikio ndiyo breketi.

JUMA: Mkono wa juu na wa chini, kushoto na kulia. Mbele peke yake breketi nane.

REHEMA: Ukaharibu ngapi?

JUMA: Mbili tu, dada! Nilipima kwa futi, nikachora kwa chaki, nikabandika ya kwanza na kuichomelea pande zote palepale. Ya pili vilevile. Nilivyokuwa najisifu! Kuleta wishboni, mguu mmoja unaingia, wa pili umegoma. Tundu limehama milimita tatu hivi.

REHEMA: Weldi ikipoa inajivuta, na inaondoka na chuma. Muulize fundi mageti yeyote hapa mtaani. Chomelea fremu upande mmoja tu, asubuhi unakuta ndizi.

JUMA: Nikajiambia nipige nyundo kidogo.

REHEMA: Ndiyo ile picha.

JUMA: Ndiyo ile picha.

REHEMA: Lakini mimi nakwambia, joto halikuwa kosa lako la kwanza. Kosa lilikuwa kupima breketi. Breketi ni bati tu. Gari halijui bati limekaa wapi, linajua mkono unazunguka kwenye mstari upi, na mstari huo unapita katikati ya matundu. Huo ndio wa kupima.

JUMA: Hapo ndipo nilipopata akili. Nikakata zote mbili kwa grenda, nikasawazisha bomba, nikaanza upya. Nikanunua fimbo ya chuma ya milimita 12, imenyooka, ndefu karibu mita. Breketi zote mbili nikazivika kwenye fimbo moja, kama nyama kwenye kijiti cha mshikaki. Fimbo nikaiegesha juu ya vipande vya mbao kwenye meza ambayo chesisi imebanwa, nikapima ncha zake mbili: kimo toka mezani, na umbali toka mstari wa katikati ya gari. Fimbo ikishakaa sawa, breketi zenyewe zinajisogeza mpaka kwenye bomba.

REHEMA: Na kama haikugusa bomba vizuri?

JUMA: Napiga tupa breketi. Fimbo siigusi.

REHEMA: Hapo umekuwa fundi. Halafu?

JUMA: Nukta mbili za weldi, kisha nazungusha fimbo kwa vidole. Ikizunguka, nukta nyingine upande wa pili. Ikikaza, nakata nukta moja narudia. Kumalizia nachomelea vipande vifupi, nahama kushoto, kulia, naacha ipoe. Na kati ya masikio naweka kipande cha bomba chenye urefu uleule wa bushi, nakibana kwa boliti, ili masikio yasije yakakaribiana.

REHEMA: Ngoja, hicho kipande cha bomba tusikipite mbio. Ndani ya bushi mna kibomba cha chuma. Boliti ikikazwa, masikio yanatakiwa yakibane hicho kibomba kisizunguke, kinachocheza ni mpira. Nafasi ikizidi, ukikaza unayakunja masikio na ufa unaanza pale kwenye weldi. Usipokaza, kibomba kinazunguka na boliti inakula tundu linakuwa yai. Nimeona matundu ya namna hiyo, unaingiza boliti inacheza kama jino la mtoto. Na boliti iwe na shingo ndefu, sehemu laini ndiyo ikae kwenye sikio, si thredi.

JUMA: Na lile la kukaza mwisho.

REHEMA: Hilo ndilo linalonikera! Hapa mtu anabadilishiwa bushi gari likiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia, fundi anakaza mpaka anatoa ulimi. Gari likishuka chini, mpira umeshajisokota kabla halijatoka getini. Baada ya muda mfupi anarudi, anasema umemuuzia feki. Bushi za mpira unazikaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, na uzito wake.

JUMA: Mimi bado sina uzito wa kuweka, injini haijaingia. Kwa hiyo boliti zote ziko kwa mkono tu, nimezipaka rangi nyekundu nisisahau.

REHEMA: Na ukaguzi wenu huko?

JUMA: Unaitwa IVA, gari la kujijengea linakaguliwa kabla ya kuingia barabarani. Nati ziwe na kitu cha kuzizuia zisilegee, kama zile za kujifunga. Halafu kuna kichekesho: kwa kuwa mikono ya mbele ya Seven iko nje ya bodi, kingo zinazoweza kumgusa mtu zisiwe kali, ziwe na mviringo wa milimita 2.5 angalau. Watu wanavalisha vichwa vya boliti kofia za plastiki.

REHEMA: Boliti inavaa kofia!

JUMA: Baridi, dada. Sasa sikiliza, nasogeza kinasa sauti. Hii ni fimbo, breketi za juu kushoto, zimeshachomelewa zote na zimepoa.

(Chuma kinakwaruza, kisha kinagonga mbao.)

REHEMA: Imepita?

JUMA: Imepita bila nyundo.

REHEMA: Na kulia?

JUMA: Kulia… bado sijachomelea.

REHEMA: Basi zima hicho kinasa sauti, nenda kaivike fimbo.