Shimo jeusi linaanzia wapi? Ringi ya baiskeli ziwani

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tumetoka chumbani, tuko Capri Point, ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza, miguu karibu inagusa maji, kwa hiyo upepo mtausikia. Kaka Dotto amekuja na ringi ya baiskeli, haina tairi, haina spoku. Ya kazi gani hii?

DOTTO: Ya kuonyesha shimo jeusi linaanzia wapi. Ila kwanza tatizo lenyewe, dada Neema, maana nimeishi nalo tangu chuo. Ukiulizwa mpaka wa shimo jeusi ni upi, unasemaje?

NEEMA: Upeo wa matukio. Ukishauvuka, hata nuru hairudi. Ndivyo ninavyofundisha kidato cha sita.

DOTTO: Hairudi lini?

NEEMA: Hairudi kamwe.

DOTTO: Kamwe ndiyo milele yote. Ili uuchore mpaka huo lazima ufuatilie kila mwale wa nuru hadi mwisho wa nyakati, ujue upi ulitoka na upi ulibaki. Simama Mwaloni Kirumba jioni, mtazame mvuvi anayekwenda kuvua dagaa. Mtumbwi mzima, taa zinawaka, ziwa shwari. Ukiulizwa, "Huyu atarudi?", utajibu nini kwa kumtazama tu?

NEEMA: Nitasubiri asubuhi. Lakini kwa shimo jeusi hiyo asubuhi haifiki.

DOTTO: Haifiki. Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. Chukua ganda kubwa la maada, mviringo kama mpira, linaporomoka kutoka pande zote kuja katikati. Wewe umekaa ndani, patupu, huhisi uvutano wowote wa lile ganda. Milinganyo ya Einstein inasema upeo wa matukio unazaliwa pale katikati, unatanuka kwa kasi ya nuru na kukupita wakati ganda bado liko mbali. Hakuna chombo kitakachokushtua.

NEEMA: Yaani unaweza kuwa unapita hapa tulipokaa?

DOTTO: Kwa vipimo vya hapa na vya sasa, huwezi kuuthibitisha wala kuukanusha. Unategemea yatakayotokea baadaye. Kihesabu ni kitu halali kabisa, na umetupa nadharia nzuri. Ila kama kitu cha kupimwa, mimi haunitoshi.

NEEMA: Basi angusha ringi.

DOTTO: Bapa, hivi. (Sauti ya maji.) Umeona nini?

NEEMA: Viwimbi viwili vya duara. Kimoja kinatanuka kwenda nje, kingine kinajibana kuelekea katikati.

DOTTO: Nuru nayo ni hivyo. Chukua tufe ambalo uso wake wote unamulika mara moja. Wimbi la nje eneo lake linakua, la ndani linapungua. Sasa maji yenyewe yawe yanavutwa katikati, kama karo iliyozibuliwa, tena yanakwenda kasi kuliko viwimbi.

NEEMA: Cha nje kitahangaika kutoka, lakini maji yatakirudisha. Nacho kitapungua.

DOTTO: Vyote viwili vinapungua! Mwanahisabati Mwingereza Roger Penrose alilifanyia kazi hilo mwaka 1965. Uso wa namna hiyo ni uso ulionaswa. Alithibitisha kwamba ukishatokea, mradi nishati isiwe hasi, lazima kuwe na njia ya nuru inayokatika, haiendelei tena. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

NEEMA: Na mpaka wako?

DOTTO: Ni pale wimbi la nje halikui wala halipungui. Unapima eneo sasa, unapima tena punde kidogo baadaye, basi. Milele huihitaji. Mwaka 1994 mwanafizikia Sean Hayward alijenga juu ya wazo hilo upeo wa kunasa. Mwaka 2002 wanafizikia wengine, Abhay Ashtekar na Badri Krishnan, wakaonyesha kwamba upeo wa aina hii unapokua, ukuaji wa eneo lake unalingana na nishati inayoingia, ya maada na ya mawimbi ya uvutano pia, yaani mitikisiko ya anga na wakati wenyewe. Hesabu inafunga, kama daftari la muuza samaki.

NEEMA: Kuna mtu anautumia kweli, au ni wa kwenye karatasi?

DOTTO: Unatumika kila siku. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano ya mashimo meusi mawili yaliyoungana, la uzito wa Jua mara 36 hivi na la mara 29 hivi. Likabaki moja la karibu 62. Tofauti ya kama Jua 3 ilitoka kama mawimbi. Wanaoigiza miungano hiyo kwa kompyuta huzitafuta nyuso hizi hatua kwa hatua, na juu yake ndipo wanapopima uzito na mzunguko wa kila shimo. Upeo wa matukio hutafutwa mwishoni, programu ikishamaliza, kwa kuirudisha nuru nyuma.

NEEMA: Subiri, kaka. Umesema "pima eneo sasa". Sasa ya nani? Einstein mwenyewe alituondolea "sasa" moja ya wote.

DOTTO: Hapo umenibana, na ni haki. Ukikata wakati kwa namna tofauti, yaani ukichagua upya mambo gani yahesabiwe ya "sasa" moja, upeo unaoupata unatofautiana. Mwaka 1991 wanafizikia Robert Wald na Vivek Iyer walionyesha kwamba hata shimo jeusi rahisi kuliko yote unaweza kulikata vipande vya wakati vinavyosogea karibu sana na kitovu, na kusiwe na kipande chenye uso ulionaswa.

NEEMA: Kwa hiyo mmoja unadai milele, mwingine unategemea mkono wa mkataji.

DOTTO: Kweli. Ila shimo likitulia, mipaka miwili inakaa mahali pamoja. Jua letu lingebanwa hadi kuwa shimo jeusi tulivu, kutoka kitovu hadi upeo ni karibu kilomita 3, kama urefu wa daraja la Kigongo–Busisi, na wowote kati ya hiyo miwili angekupa kilomita hizohizo. Ugomvi unakuja linapokula.

NEEMA: Jumatatu nina kipindi. Nitaandika nini ubaoni?

DOTTO: Andika upeo wa matukio, wanauhitaji. Halafu uwaulize swali nililokuuliza: hairudi lini?

NEEMA: Na ringi niazime. Beseni ninalo.

DOTTO: Tafuta pana. Kwenye dogo kiwimbi cha nje kitagonga ukingo na kurudi, watadhani kimenaswa.